Zamu ya Fakihi Bihi

Kosa lenyewe halikuchukua hata muda wa kunywa glasi moja ya chai. Ilikuwa Ramadhani, jioni ya ukungu, na Fakihi Bihi alikuwa juu ya paa la msikiti wa kijiji chetu cha Ighil akitazama upande wa bonde. Macho yake yalikuwa na utando tangu mwaka uliotangulia, jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalijua na yeye peke yake ndiye aliyekuwa analikataa. Aliona kiza, akaamini kwamba mlima umeshalimeza jua, akaadhini. Watu wakatia tende mdomoni. Walikuwa wameshafika kwenye supu ukungu ulipopasuka, na jua likatokea juu ya mlima, jekundu, zima kabisa, likawa linawatazama.

Vijiko vilisimama hewani. Kuna waliotema, na kuna waliomeza haraka haraka, sijui walidhani kumeza upesi kunapunguza dhambi. Kisha kutoka paa la mwisho kabisa, kule chini kwenye milozi, ikasikika sauti ya Lalla Tlaytmas, mjane ambaye ulimi wake haujawahi kuomba ruhusa kwa mtu.

"Fakihi, tuambie tumfuate nani. Wewe au jua?"

Watu walicheka kicheko cha aibu. Baada ya sala ilibidi Bihi mwenyewe awaambie kile ambacho kila mmoja alikuwa anakijua: funga ya siku ile imeharibika, na kila aliyefuturu kwa adhana yake atailipa baada ya Idi. Aliyasema hayo, akapanda tena paani kutazama lile jua, ambalo sasa lilikuwa limezama kweli.

Tangu hapo hakutulia. Alikuwa akipanda paani kabla ya wakati, anashuka, anapanda. Aliwasimamisha wapita njia kuwauliza kama kivuli kimefika kwenye jiwe fulani. Wangemgombeza angepumua. Badala yake walizidi kumheshimu. Walimshika mkono kwenye ngazi, wakamjibu "ndiyo, Fakihi" hata alipouliza swali lisilojibika kwa ndiyo. Hakuna adhabu mbaya kwa mzee kama hiyo ya kuheshimiwa ghafla.

Hapa inafaa niseme jinsi fakihi anavyoishi kwetu, maana kisa chote kimelalia hapo. Kwetu fakihi hachukuliwi mtoto wa nyumbani. Mtoto wa nyumbani ana wajomba, ana shamba lenye mpaka, ana mtu asiyesalimiana naye. Tunamtaka mtu wa mbali, asiye na nyumba wala mti hata mmoja kijijini, ili akisuluhisha ugomvi wa mfereji asiwe na maji yake ndani ya mfereji huo. Analala katika chumba cha msikiti, anasalisha, anafundisha watoto kusoma mbao zao za Kurani, na anakula kwa zamu. Leo nyumba hii, kesho nyumba inayofuata, kuanzia ya juu kabisa hadi ya chini kwenye milozi, halafu zamu inarudi juu. Mwanamke wa zamu analeta sahani, anaiweka juu ya jiwe la mlangoni, anakohoa, anaondoka. Fakihi akishakula hurudisha sahani juu ya jiwe, anasimama mlangoni na kuiombea dua nyumba iliyomlisha, kwa jina lake na kwa sauti.

Tena mjue kwamba wanawake hawaendi mbali. Wanajibanza nyuma ya kona kuisikiliza dua yao, na kila neno wanalipima. Mwaka mmoja Lalla Tlaytmas alilalamika kupitia ukutani kwamba dua ya nyumba yake ilikuwa fupi kuliko ya nyumba ya Mbark. Bihi akamjibu kutoka ndani kwamba na nyama nayo ilikuwa fupi.

Aliishi hivyo zaidi ya miaka arobaini. Alikuja kijana kutoka ng'ambo ya milima, na jalabia moja na sauti. Alioa kwao, akawa anamwona mkewe mara moja kwa mwaka baada ya mavuno, na yule bibi akafariki bila mtoto, habari zikamfikia Bihi wakati kaburi limeshaota majani. Hakuwahi kuingia jikoni kwa mtu yeyote Ighil, lakini majiko yote aliyajua. Alijua nani ana ukarimu wa mafuta na nani anayapima kwa kidole. Mbark alipooa mke wa pili, Bihi aliijua siku yenyewe kwa chumvi ya mke wa kwanza.

Baada ya Idi wanaume wa baraza walikutana kwenye uwanja wa kupuria shayiri. Bihi alisimama mbele yao, akasema macho yamemsaliti na hataki kuwasaliti wao mara ya pili, basi watafute fakihi mwingine. Maneno hayo alikuwa ameyapanga siku nyingi, na alikuwa amepanga pia yatakayofuata. Kwamba watakataa. Kwamba watamsihi, naye atashikilia, watamsihi tena, na mwisho wake watakubaliana kwamba abaki, mtu mwingine amsaidie kutazama jua.

Mbark ndiye mkuu wa baraza, mtu mzito wa kuongea. Alimshika Bihi mikono yote miwili.

"Mungu akulipe, Fakihi. Tulikuwa tunaona haya kuanza sisi."

Ilimchoma. Mbark alipomuuliza kwa adabu kwamba baada ya hapo atakwenda wapi, mzee alijibu bila kufikiri.

"Kwa watu wangu. Wananingoja siku nyingi."

Hakuna aliyekuwa anamngoja. Ndugu zake walikuwa wamekwisha wote. Mtoto wa kaka yake alikutana naye sokoni miaka mingi nyuma, akamwambia kwamba nyumba ya babu imeangushwa na mvua, na makonde yameshagawanywa. Bihi alikuwa mtu asiye na mbele wala nyuma, na sahani yake ya kila siku ilikuwa ya fakihi, si ya Bihi. Angeweza kuyasema hayo pale pale uwanjani. Lakini aliyeambiwa kwamba alikuwa anasubiriwa aondoke anawezaje kuomba abaki? Na kwa kuwa hajawahi kuwadanganya, wote walimwamini, wakafurahi kwa ajili yake.

Fakihi mpya aliitwa Si Ider, kijana aliyetoka kusoma kwenye madrasa za tambarare. Alikuja siku ya soko na begi, redio na sauti ambayo wanawake waliposikia adhana yake ya kwanza waliacha kupepeta. Mkataba ulisomwa: shayiri kiasi fulani, mafuta kiasi fulani, na zamu kuanzia siku ile. Bihi alimkabidhi ufunguo, akamwonyesha paa linapovuja na mahali pa kuanikia mbao. Chumba alimwachia. Yeye alihamia kwenye darasa la watoto, akalala kati ya mbao, akasema ni kwa siku chache tu, mpaka nyumbu apatikane.

Sahani ya kwanza ilitoka nyumba ya Mbark. Ilikuwa kuskusi yenye figili, na Bihi aliitambua kwa harufu kabla haijafika kwenye jiwe. Si Ider alimkaribisha wale pamoja.

"Nimeshafuturu," Bihi alisema. "Nilikuwa nimefunga."

Ni kweli alikuwa amefunga. Kesho yake akafunga tena, na kesho kutwa. Alifuturu tini kavu na mkate aliokuwa akinunua sokoni, mgumu wa kupasua jino. Kijijini wakaanza kusema kwamba mzee anatulipia ile siku yetu, masikini, na kina mama wakafuta machozi. Naye akawaacha waseme. Ukweli ni kwamba alikuwa anaona haya. Zamu ni ya mwenye mkataba, na kuingiza mkono katika sahani ile kulikuwa kwake ni sawa na kuiba, hata akikaribishwa. Alikonda mpaka jalabia ikawa inamtangulia kutembea.

Wakati huohuo hakumpa kijana wa watu nafasi ya kupumua. Kabla ya alfajiri alikuwa uani anakohoa ili Si Ider, ambaye hajawahi kupitiwa na usingizi, asipitiwe. Alikuwa akisahihisha mbao zilizokwisha sahihishwa. Akikaa, anakumbuka kamba ya kisima; akienda kisimani, anakumbuka mlango wa chumba cha maji ya udhu. Si Ider alivumilia yote kwa tabasamu, na hilo ndilo lililomuudhi mzee zaidi, maana hakuna kitu cha kugombana nacho katika tabasamu.

Siku moja kijana alimwendea akiwa anachonga kalamu za watoto, akakaa mbele yake kama mwanafunzi.

"Fakihi, nina swali."

"Uliza, mwanangu."

"Mtu aliye hai, mwenzake anaweza kumfungia?"

"Hawezi. Kila mmoja na funga yake."

"Basi wewe unamfungia nani?"

Bihi aliendelea kuchonga mpaka kalamu ikaisha yote mkononi. Kisha akainuka, akaenda kutazama kamba ya kisima.

Kila siku ya soko, mchukuzi Abella alikuja na nyumbu wake mlangoni. Wiki ya kwanza goti la Bihi lilikuwa linauma. Wiki ya pili kulikuwa na dalili ya mvua upande wa milima, dalili aliyoiona yeye tu. Ya tatu jalabia ilikuwa haijakauka. Nyumbu mwenyewe alishaanza kumtazama kwa mashaka. Mwisho Bihi aliapa mbele ya watu kwamba siku ya soko inayofuata ataondoka, mvua inyeshe isinyeshe. Akafunga mzigo wake, akaufungua, akaufunga upya.

Sasa, baraza lilikuwa limeamua kwamba ile siku iliyoharibika ilipwe na wote kwa pamoja, ili asipatikane mtu wa kujificha nyuma ya kusahau. Siku iliyopangwa ikaangukia mkesha wa lile soko ambalo Bihi aliapa kuondoka. Kijiji kikafunga. Kufunga nje ya Ramadhani ni kugumu, jamani. Hakuna shamrashamra, jua lenyewe linatembea kwa makusudi polepole. Jioni watu wakapanda mapaani na tende zao. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu hata la kusingizia.

Bihi alikuwa uani anazunguka mzigo wake. Aliona kivuli kimemaliza ukuta. Alisubiri adhana. Haikuja. Alisubiri tena, akasikia watoto wameanza kulalamika kwenye mapaa ya jirani, ndipo akapanda ngazi kwa mikono na miguu. Alimkuta Si Ider ameketi, amekunja miguu, mikono imelala mapajani.

"Si Ider, jua limezama hilo."

"Limezama, Fakihi."

"Basi adhini. Watu wana njaa."

"Siku hii si yangu," kijana alisema. "Mkataba wangu umeanza baada ya Idi. Leo watu wanalipa siku ya Ramadhani, na Ramadhani imo kwenye mkataba wako. Nikiadhini mimi nitakuwa nimekula zamu ya mtu."

Bihi alimtazama usoni kuona kama anafanyiwa mzaha. Hakuona mzaha, na kusema kweli uso wenyewe hakuuona vizuri.

"Macho yangu hayafai, unajua."

"Yangu yanafaa. Nimeshakwambia limezama. Macho nakuazima, sauti ni yako."

Mzee alisogea ukingoni. Moyo ulikuwa unampiga kama siku alipoadhini mara ya kwanza kijijini hapo. Upande wa magharibi aliona wekundu, au alidhani anauona. Akasubiri wekundu uishe. Si Ider akasema nyota imetoka. Akasubiri ya pili. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kwamba atafungua mdomo na lile jua litarudi.

"Fakihi!" Sauti ilitoka chini kwenye milozi. "Mara ile ulitufuturisha na jua, leo unataka tufuturu na mwezi?"

Kicheko kilipita kutoka paa hadi paa mpaka juu kwa Mbark, na safari hii hakikuwa na aibu. Bihi alijikuta naye anacheka. Akaweka mikono masikioni, akaadhini. Sauti ilikwaruza na ilikatika mahali pawili, lakini ilifika.

Zamu ya siku ile ilikuwa ya nyumba ya mwisho. Baada ya sala, watu wakiwa bado wanavaa viatu mlangoni, Lalla Tlaytmas alipanda na sahani ya tagula, ule ugali wetu wa shayiri wenye shimo la mafuta katikati. Hakuiweka juu ya jiwe. Hakukohoa, hakuondoka. Alisimama nayo mbele ya Bihi, na kwa miaka yote ile hawakuwahi kusimama karibu hivyo.

"Kesho unaondoka?"

"Mungu akipenda."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa watu wangu, Lalla."

"Kaka yangu huuza mafuta soko la kwenu. Nimemtuma akaulize." Alishusha sauti, lakini sauti ya Tlaytmas hata ikishushwa inasikika. "Kwenu kuna nusu ukuta, na mbuzi wamefungwa hapo. Sasa wanaokungoja ni nani, Fakihi? Mbuzi?"

Mbark alikuwa ameinama anatafuta kiatu ambacho kilikuwa tayari mguuni.

"Sina pa kwenda," Bihi alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, na alishangaa kwamba bado amesimama. "Nilisema vile kwa sababu mliniachia haraka. Iliniuma. Mngenisihi hata kidogo."

"Ulisema unangojwa," Mbark alisema, bado anatazama kiatu. "Mtu anayengojwa na ndugu zake tungemshikilia kwa lipi? Nimejuta tangu siku ile. Mimi mdomo wangu ni mzito mahali pa kusema, na mwepesi mahali pa kunyamaza."

"Basi abaki," wakasema watu.

"Nibaki vipi?" Bihi alikasirika, na hasira ilimpa nguvu. "Fakihi hana nyumba hapa. Na zamu ni ya huyu kijana. Siwezi kuwa mzee wa kudokoa sahani ya mwenzangu."

"Fakihi hana nyumba, ndiyo," Lalla Tlaytmas alisema. "Wewe si fakihi. Uliacha mwenyewe. Kile chumba cha kinu cha mafuta, karibu na ukuta wangu, kina paa na kina jiko. Na nani aliyekuambia utakula zamu?" Akamtilia sahani Si Ider mikononi bila kumtazama. "Utapika zamu. Mpaka leo nyumba ya mwisho ilikuwa yangu. Kuanzia sasa ya mwisho ni yako. Kesho fakihi anakula kwako."

Bihi alikuwa amekula vyungu vya kijiji kizima na hakujua hata maji yanatangulia au unga.

Kesho yake Abella alikuja na nyumbu, akakuta mzigo umeshahamia chumba cha kinu. Mzee alimwagiza sokoni sufuria na mwiko. Nyumba ya juu ilikuwa imeshaleta kipimo cha shayiri, nyingine mafuta, nyingine kuni, kama inavyofanyiwa nyumba yoyote mpya. Mchana kutwa alizunguka jikoni mwake kama mtu aliyepoteza kitu. Aliwasha moto mapema mno, ukazimika. Akauwasha tena, ukamzidi nguvu.

"Koroga!" Lalla Tlaytmas alikuwa anampigia kelele kupitia ukutani. "Unakuna nini? Koroga, baba, koroga mpaka mkono ukuume!"

Mkono uliuma. Tagula ilitoka na madonge, upande mmoja imeungua. Alichimba shimo katikati akamimina mafuta yote aliyopewa, kwa maana aliwakumbuka wale wa kupima kwa kidole. Kisha akapanda nayo njia ya msikitini, taratibu, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akaiweka juu ya jiwe. Akakohoa. Akaondoka.

Hakwenda mbali. Alijibanza nyuma ya kona, mahali ambapo ukuta umelainika kwa migongo ya wanawake wa kijiji hiki. Hakuweza kusimama tuli. Alichungulia, akarudi, akachungulia. Alisikia mlango, kisha kimya kirefu cha mtu anayekula. Alijua kila donge limefika wapi.

Mwisho sahani iligonga jiwe, na Si Ider akasimama mlangoni.

"Ewe Mola," alisema kwa ile sauti yake, "ijaze baraka nyumba ya Bihi. Upe nuru moto wake, ulinde paa lake, wala usimwondoe mwenye nyumba hii kati yetu ila kwa kifo chema." Akaendelea. Aliombea mlango, akaombea sufuria, akaombea hata wajao, kana kwamba mle ndani kuna watoto wanalala.

Bihi alikuwa ameshika ukuta. Alikuwa ameiombea kila nyumba ya Ighil, moja moja, mpaka sauti ikachakaa, na neno nyumba halikuwahi kutajwa pamoja na jina lake. Alilia pale konani bila kujificha, mzee mzima, ndevu zote zimelowa. Kisha akangoja mlango ufungwe, akachukua sahani yake, akateremka.

Lalla Tlaytmas alikuwa juu ya paa lake, anajifanya anaanika lozi.

"Vipi, ilikuwa ndefu?"

"Ndefu kuliko zako zote," Bihi alisema, akaingia ndani kuosha sahani.